Ndani ya mto kuna nini? Neno langu kwa bi harusi na kwa fundi

  Leo nina neno juu ya mito ya mapambo, hii tunayoipanga kwenye kitanda cha bi harusi na juu ya makochi sebuleni. Wanaozungumzia mito huzungumzia rangi: ipi inaendana na pazia, mikubwa ikae nyuma na midogo mbele. Hayo ni mazuri na yana wenyewe. Mimi ni fundi, nashona na kuuza mito hapa Kimara, na ninaloliona kila wiki haliko kwenye rangi. Liko ndani ya mto.

Maoni yangu nayasema mapema. Fundi anayeuza mto bila kumwambia mnunuzi kilichomo ndani anauza kwa kuficha, hata kama hakusema uongo wowote. Na bi harusi anayetaka mito kumi na miwili kwa pesa ya mito minne anamsukuma fundi huyo afiche. Mito minne ya kweli inamtosha bi harusi kuliko kumi na miwili ya kubabaisha.

Mto si kama gauni

Gauni ukilivaa unaliona nje na ndani. Ukiligeuza unaona mshono, bitana na zipu. Mto umefungwa. Nje ni velveti au satini inayong'aa, ndani anajua fundi na Mola wake. Ndiyo maana kazi hii inataka uaminifu kuliko kazi nyingine nyingi za cherahani.

Hapa kwetu vijazio vikubwa ni vinne, na kila bi harusi anapaswa kuvijua kabla ya kutoa pesa.

Cha kwanza ni sufi, wengine husema usufi. Hiyo ni mali ya pwani yetu, inatoka kwenye tunda la msufi, na hadi leo mitaa yenye jina la Misufini inatukumbusha mti huo. Tunda likikauka linapasuka na kutoa nyuzi laini zenye mng'ao, na ndani yake mbegu nyeusi. Kila uzi una uwazi katikati kama mrija, kwa hiyo sufi ni nyepesi sana na haipitishi maji upesi. Zamani ilijazwa hata kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Mto wa sufi hauna joto, unafaa hali ya hewa yetu. Lakini una masharti yake. Ukiufua kwenye maji sufi inagandana, kwa hiyo unafua foronya tu na mto wenyewe unauanika juani na kuupigapiga. Mbegu zisipotolewa vizuri utazihisi shavuni kama kokoto. Na sufi inashika moto haraka. Tunaofukiza udi chumbani tuwe makini hapo: usiweke chetezo karibu na mito ya sufi, cheche moja inatosha.

Cha pili ni faiba, ile nyeupe ya kiwandani. Uzuri wake unaweza kuifua, inakauka haraka na haina wadudu. Lakini faiba hazilingani. Iliyojikunja kama springi ukiibana inarudi. Ile nyembamba iliyolala, baada ya miezi michache mto unakuwa kama chapati. Bei zake hazifanani, na ukizitazama tu kwa nje ya foronya huwezi kuzitofautisha.

Cha tatu ni sponji iliyokatwa vipande. Sponji mpya haina tatizo, hasa kwa mito ya kuegemea mgongo. Tatizo ni sponji iliyotolewa kwenye makochi na magodoro ya zamani. Hiyo imeshanyonya jasho la watu na unyevu wa miaka, na ikichakaa inasagika kuwa unga. Mwenye pumu au mafua ya vumbi ndani ya nyumba ndiye wa kwanza kuumia.

Cha nne ni mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi. Sisemi mabaki ni mabaya. Matakia ya kukalia chini barazani yanataka uzito, na mabaki safi yaliyokatwa madogo yanafanya kazi nzuri kabisa. Ila yawe safi, mnunuzi aambiwe, na bei iwe ya mabaki.

Bi harusi aliyeona haya

Mwaka jana kuna binti aliletwa kwangu na shangazi yake. Alikuwa ameolewa wiki tatu tu. Alibeba mito minane ya satini ya dhahabu aliyonunuliwa na mama yake kwa ajili ya chumba. Ilikuwa inatoa harufu. Aliyegundua ni mama mkwe, alipokuja kumtazama mwali akaegemea, akaunusa mto, akanyamaza. Binti alisema kule kunyamaza ndiko kulikomuumiza.

Tulifumua mmoja. Ndani kulikuwa na vipande vya jinzi, pindo za sare za shule, na sponji ya njano iliyokuwa imeanza kuwa unga, tena yenye unyevu. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha na hewa nzito, ukungu ulishaanza. Tukafumua wa pili, ni hayo hayo. Minane yote.

Kilichoniuma mimi ni pesa. Mama yake aliikopa kwenye kikoba, na siku ile tunafumua bado alikuwa anarejesha kila Jumamosi. Yaani mama analipa deni la vitu vilivyokwishatupwa jalalani. Aliyeuza alishamaliza biashara yake na pengine aliona ameuza mito tu. Hakuona kwamba ameuza aibu ndani ya nyumba changa.

Dini ilishalizungumza

Tunaijua hadithi iliyopokewa na Muslim, ya Mtume (S.A.W) kupita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa kilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu watu wakakiona, kisha ukatolewa ule msemo tunaoujua wote kwamba anayedanganya si katika sisi. Dada yangu fundi, mto ni rundo lile lile. Juu kukavu, ndani kumelowa. Mwenye rundo hakuongopa kwa mdomo. Alinyamaza tu.

Kuna jambo lingine linalotuhusu tunaouza kwa kuagizwa. Wateja wangu wengi wako Unguja na Pemba. Wanaona picha kwenye simu, wanatuma pesa, mzigo unapanda boti. Hawajagusa chochote. Mtume (S.A.W) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla hazijavunwa, akawaelekeza kuwa anayelipa mbele alipie kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Kitu cha kutengenezwa kwa kuagizwa wanazuoni wamekiwekea mlango wake peke yake, lakini mafunzo ni yale yale: pesa ikitangulia, maelezo yakamilike.

Basi kwenye mito tunafanyaje? Kipimo: sema sentimita, usiseme "wa kati". Mto wa sentimita 45 kwa 45 na wa 60 kwa 60 ni vitu viwili mbalimbali. Uzito: mto wa 45 uliojaa vizuri unakula karibu nusu kilo ya faiba, na wa 60 unakaribia kilo. Fundi akikwambia mto wake wa 60 una robo kilo, ujue utakuwa umelala kabla fungate haijaisha. Muda: siku gani unapanda boti, iandikwe. Mwali hasubiri, na mto ukifika baada ya harusi hauna kazi tena.

Mito mingapi inatosha?

Siku hizi kuna mashindano. Kitanda cha futi tano kwa sita kinapangwa mito kumi, kumi na miwili, hadi maharusi hawana pa kukaa. Usiku yote inarundikwa chini au juu ya kabati, asubuhi inapangwa tena. Baada ya mwezi imebaki sakafuni inakusanya vumbi.

Sipingi mapambo. Nikipinga mapambo nitakula nini? Na Qur'ani yenyewe, katika Suratul Ghashiya, inapoeleza neema za Peponi inataja mito iliyopangwa safu. Uzuri wa nyumba ni neema. Lakini kuna hadithi ya Jabir, kwa Muslim, juu ya matandiko: moja la mume, moja la mke, la tatu la mgeni, na la nne ni la shetani. Maana yake tunaifahamu, kinachozidi haja na kuwekwa kwa fahari kina mwenyewe.

Halafu tutazame vyombo alivyopewa Bibi Fatima (R.A) alipoolewa na Sayyidna Ali. Imepokewa kwa Nasai kuwa alipewa nguo nzito ya kujifunika, kiriba cha maji, na mto uliojazwa idhkhiri, majani yenye harufu nzuri. Vyombo vile ni vichache mno, na mto umo. Na zaidi ya hapo, kilichojazwa ndani ya mto kimetajwa. Hata tandiko la Mtume mwenyewe (S.A.W) Bibi Aisha alilieleza kuwa lilikuwa la ngozi, limejazwa nyuzi za mtende. Waliotupokelea hawakutaja nje wakaacha ndani. Sisi leo tunataja velveti na rangi ya dhahabu, ya ndani tunanyamaza.

Ushauri wangu kwa kitanda cha bi harusi: mito miwili ya kulalia iliyo mizuri kweli, miwili mikubwa ya 60 nyuma, na miwili ya 45 mbele. Ukitaka wa saba, uwe mdogo mrefu wa kazi ya mkono. Pesa inayobaki nunua foronya za ziada uwe unabadilisha. Chumba kitapendeza Idd hii na Idd ijayo kwa mito ile ile.

Mbona Kariakoo ni rahisi?

Swali hili napata kila siku. Jibu langu ni kwamba Kariakoo kuna makava ya kiwandani, yameshonwa maelfu kwa mashine, na mengine ni mazuri. Ukitaka hayo nunua, mimi mwenyewe napanda mwendokasi kwenda kule kununua vitambaa na zipu. Lakini usichukue bei ya kava tupu ukailinganisha na mto uliokwisha jazwa, tena wa kazi ya mkono.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kitambaa cha nje ni shilingi 5,000, kifuko cha ndani 1,500, faiba nzuri nusu kilo 4,000, zipu na uzi 1,000. Hapo ni 11,500. Ukimwambia fundi "nipe kwa 12,000 mpenzi wangu", umemwachia mia tano ya kukata, kushona, kujaza, umeme na kodi ya fremu. Kitambaa hawezi kukipunguza kwa sababu unakiona. Zipu unaiona. Atapunguza wapi? Pale usipopaona. Ndiyo maana nasema dhambi ya kuficha ni ya fundi, lakini mnunuzi anayebana hadi mwisho anajitafutia.

Na kazi ya mkono ina thamani yake. Wanaokaa Unguja wanalijua duka la Sasik, Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe. Bi Saada Abdulla Suleiman na wanawake anaofanya nao kazi wanatengeneza mito na matandiko ya vitambaa vinavyokatwa na kushonewa juu ya kitambaa kingine, kwa michoro ya Kiarabu na ya Kiswahili. Wageni wanatoka mbali kuja kununua mito ile, nasi wenyewe tunaona ghali. Kila ua pale limekatwa, likakunjwa ukingo, likashonwa kwa sindano ya mkono. Ni mkono ule ule wa wanawake wanaotoboa kofia za vito kwa siku nyingi. Anayejua kazi ile haulizi kwa nini haifanani bei na kitu cha mashine.

Kama pesa ni kidogo, usimbane fundi. Punguza idadi, au badilisha kitambaa. Napenda sana kanga ya kisutu kwa mito ya mwali. Ni kanga ya harusi toka enzi za bibi zetu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, na asili yake haina maandishi. Doti moja ukikata kwa akili inatoa mito sita ya sentimita 45, mbele na nyuma. Iloweke kwanza kwenye maji, ikaushe, uipige pasi ndipo ukate, kwa sababu pamba inaruka na wekundu unachuja. Mto wa kisutu uliojazwa sufi safi hauoni haya mbele ya satini yoyote.

Picha na maandishi

Hili fupi lakini zito. Napokea oda za mito yenye picha za wanyama, sura za maharusi, na mingine "Bismillah" au aya. Bibi Aisha (R.A) aliwahi kununua mto wenye picha, Mtume (S.A.W) akasimama mlangoni asiingie. Siku nyingine pazia lenye picha lilikatwa na kufanywa mito, naye akaiegemea. Wanazuoni wameeleza tofauti zake, muulize shehe unayemwamini. Mimi nachukua njia ya salama: maua, majani, nyota, michoro ya milango yetu, vinatosha. Na aya za Qur'ani sishoni juu ya mto kabisa. Mto unaegemewa, unakaliwa na watoto, unaanguka chini miguuni. Jina la Mwenyezi Mungu mahali pake ni juu ukutani. Wateja wawili watatu walikasirika, wengi walinishukuru.

Kwa mafundi wenzangu

Nimeshaambiwa, "Ukisema ukweli wateja watakimbia." Kuna wanaokimbia, sikatai. Kijiwe kina fremu nyingi na kila mmoja anatafuta riziki, na barabara yetu hii ya Morogoro imejaa wauzaji wa mito ya kuning'iniza. Lakini mimi kila mto nauwekea zipu kwenye kifuko cha ndani pia, ili mnunuzi afungue atazame. Karibu na zipu nashonea kitambaa kidogo: kilichomo, gramu ngapi, mwezi gani umeshonwa. Hainigharimu hata shilingi mia. Nikiwa na mito ya mabaki naiandika "mabaki" na bei yake inajulikana, na inanunuliwa kwa ajili ya baraza na mikeka. Mteja anayejua anachonunua harudi kukugombeza. Anarudi na mdogo wake anayeolewa.

Mteja wa mito ya harusi si wa mara moja. Nyumba moja ina mabinti watatu, wanne, na kila binti ana marafiki. Sitini elfu ya leo uliyoipata kwa kuficha inaweza kukufungia milango ya ukoo mzima.

Bi harusi, kabla hujalipa

Muulize fundi ndani kuna nini, na akuandikie. Bana mto kwa mikono miwili uachie, uone kama unarudi. Uunuse. Upime kwa mkono, uzito usiolingana na ukubwa una sababu. Papasa pembe nne, pembe tupu ni dalili ya kijazio kidogo. Fungua zipu. Kama umeagiza kwa simu, omba video fupi ya mto ukijazwa, fundi mkweli hatakataa. Na siku ya kupokea mzigo fungua mmoja mbele ya aliyeuleta.

Kisha umlipe fundi haki yake kwa wakati. Tunaowadai mafundi ukweli tusiwe sisi wa "nitakumalizia baada ya harusi" halafu simu haipokelewi. Hiyo nayo ni dhulma, na fundi ana watoto.

Kichwa chako kitalala hapo miaka mingi inshaAllah, na mumeo ataegemea hapo akitoka kwenye mihangaiko yake. Kiwe kitu cha halali nje na ndani. Mwenyezi Mungu awabariki wanaoolewa, awape utulivu katika nyumba zao, na atupe sisi mafundi riziki isiyo na vumbi. Amin.